Kufunga moduli ya kurekodi sauti kwenye redio ya upepo: ujumbe wa sekunde kumi kwa kitufe kimoja

Anayekaa zamu ya redio kwenye ofisi ya safari Arusha, au kwenye kituo cha walinzi Moshi, hurudia maneno yaleyale kutwa nzima: vituo vyote, hapa Kontroo, muda wa kuripoti umefika. Ikifika alasiri sauti imekauka na nusu ya maneno inamezwa. Moduli ndogo ya kurekodi inaweza kuyasema maneno hayo kwa niaba yake, kwa sauti ileile kila saa. Vifaa ni vichache na redio yenyewe haifunguliwi hata skrubu moja. Kinachoiharibu kazi hii mara nyingi ni sauti kuingia kwenye redio ikiwa kubwa mno, na redio kubaki inarusha bila mtu kujua. Mpangilio tunaoueleza hapa umechaguliwa ili kukwepa mambo hayo mawili, hata pale ambapo kuna njia ya kisasa zaidi.

Moduli na redio tunazozungumzia

Moduli ni ile bodi ndogo yenye chipu ya ISD1820, vitufe vitatu, maiki ya duara na waya wa spika. Inatumia volti 2.4 hadi 5.5, na ujumbe hubaki kwenye chipu hata ukitoa betri. Maduka ya vifaa vya elektroniki yakiwa hayana, huagizwa Dar na kuletwa kwa basi.

Redio ni ya mkononi yenye matundu mawili ubavuni, moja la milimita 3.5 na jingine la 2.5, mtindo wa Kenwood ambao Baofeng UV-5R na ndugu zake wengi wanautumia. Redio ya aina nyingine inafaa pia, ila miguu ya plagi yake lazima uitafute upya kwenye mchoro wake. Usikisie.

Kabla ya chuma cha kulehemu kupata moto: redio na masafa yake viwe na leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na ujumbe unaourekodi uwe wa kazi iliyoandikwa kwenye leseni hiyo. Moduli haikupi ruhusa usiyokuwa nayo.

Vifaa

- Moduli ya ISD1820, 1
- Hedseti ya bei ndogo ya redio hiyo, yenye plagi pacha na kiboksi cha kitufe cha kuongelea, 1
- Kitufe cha kubonyeza chenye miguu sita (swichi mbili ndani ya kitufe kimoja), 1
- Rezista: 10k moja, 4.7k moja
- Rezista ya kurekebisha, 1k, ile inayozungushwa kwa bisibisi ndogo, 1
- Kapasita: 0.1 µF moja, 1 µF moja, 100 pF mbili
- Kikasha cha betri tatu za AA chenye swichi, 1
- Kisanduku cha chuma, hata kopo la biskuti lililokatwa vizuri
- Waya mwembamba wenye ngao, kama nusu mita

Rezista na kapasita hazina haja ya kununuliwa mpya. Fundi redio yeyote ana bodi za televisheni zilizokufa, na zote zimo humo. Ila kila rezista ipime kwa maltimita baada ya kuing'oa, maana rangi zilizoungua hudanganya.

Kuhusu kitufe cha miguu sita: vingi vinavyouzwa ni vya kujifunga, yaani ukibonyeza kinabaki chini mpaka ubonyeze tena. Hicho hakitakiwi kabisa hapa, kwa sababu kitaiacha redio inarusha. Ukikosa cha kawaida, angalia ubavuni mwa kile cha kujifunga. Kuna kijiti chembamba cha waya kilichopindwa. Kivute kwa koleo ndogo, na kitufe kitakuwa kinarudi chenyewe kila ukiachia.

Hatua ya 1: Kutambua nyaya za hedseti

Fungua kiboksi cha kitufe cha hedseti kwa kisu chembamba. Ndani utaona nyaya nne au zaidi kutoka kwenye plagi. Rangi zake zisikushughulishe, kila kiwanda kina zake. Weka maltimita kwenye mlio, shika sehemu moja ya plagi, gusa waya mmoja mmoja, na uandike. Unazotafuta ni hizi:

- Plagi ya 2.5, ncha: spika. Hii tunaiacha kama ilivyo.
- Plagi ya 2.5, sehemu ya chini kabisa: hasi.
- Plagi ya 3.5, pete ya katikati: maiki.
- Plagi ya 3.5, sehemu ya chini kabisa: PTT, yaani waya wa kitufe cha kuongelea.

Redio huanza kurusha pale PTT inapogusana na hasi. Hakikisha kwa macho kabla ya kuendelea: antena ikiwa imefungwa, nguvu ikiwa ya chini na chaneli ikiwa haina mtu, chomeka plagi, washa redio, kisha gusanisha waya wa PTT na wa hasi kwa nukta moja. Taa nyekundu ikiwaka na kuzimika unapoachia, umezipata sawasawa. Isipowaka, plagi haijaingia mpaka mwisho. Hedseti za bei ndogo zina ganda nene kwenye plagi linalozuia. Likate kidogo kwa kisu.

Nyaya hizi zina tabia moja inayowakatisha tamaa wengi. Ni nyuzi nyembamba zilizopakwa vanishi na kuchanganywa na uzi wa kitambaa, kwa hiyo lehemu haishiki na mlio hausikiki. Usizikwangue, zitakatika. Weka tone la lehemu kwenye ncha ya chuma chenye moto wa kutosha, zamisha ncha ya waya ndani ya tone hilo kwa sekunde tatu au nne mpaka moshi utoke na waya ung'ae kifedha. Uzi wa kitambaa ukate kwa mkasi.

Hatua ya 2: Njia ya sauti

Hapa ndipo pa kukaa kwa utulivu. Moduli imetengenezwa kusukuma spika, na redio inategemea maiki inayotoa sauti ndogo sana, milivolti chache. Ukiunganisha moja kwa moja, upande wa pili watasikia mkwaruzo mtupu. Sauti lazima ipunguzwe mara nyingi.

Kwenye moduli kuna sehemu mbili za spika, SP+ na SP−. Zote mbili zina sauti. Hakuna iliyo hasi. Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kuiunganisha SP− na hasi ya redio. Ukifanya hivyo nusu ya kikuza sauti (amplifaya) cha chipu inapiga shoti, chipu inapata joto na sauti inakatikakatika. Tumia SP+ peke yake, na SP− usiiunganishe na redio.

Sasa panga hivi, kuanzia kwenye moduli kwenda kwenye redio:

SP+ → kapasita 0.1 µF → rezista 10k → mguu wa pembeni wa rezista ya kurekebisha.
Mguu wa pembeni wa pili wa rezista ya kurekebisha → hasi.
Mguu wa kati wa rezista ya kurekebisha → rezista 4.7k → kapasita 1 µF → waya wa maiki.
Hasi ya moduli (GND) → hasi ya plagi.

Kapasita ya 1 µF ikiwa ni ya aina yenye upande chanya, upande huo uelekee redio, kwa kuwa redio hutoa volti kidogo kwenye waya wa maiki ili kuilisha maiki. Ile ya 0.1 µF haina upande. Udogo wake ni wa makusudi: unakata mngurumo wa chini ambao redio haiuhitaji.

Rezista ya 4.7k wengine huiruka kwa kuwa bila yake sauti ya moduli inatoka vizuri tu. Shida huja baadaye. Maiki ya hedseti bado imeunganishwa kwenye waya huohuo, na bila 4.7k inakuwa kama imewekewa rezista ndogo kwenda hasi. Mtu akitaka kuongea mwenyewe, vituo vinamwambia hasikiki, na lawama zinaiangukia hedseti.

Hatua ya 3: Kitufe

Kitufe cha miguu sita kina safu mbili za miguu mitatu. Tafuta kwa maltimita miguu miwili ya kila safu inayogusana kitufe kikibonyezwa tu.

Safu ya kwanza: mguu mmoja kwenye VCC ya moduli (chanya ya betri), mwingine kwenye pini ya P-L. Safu ya pili: mguu mmoja kwenye waya wa PTT, mwingine kwenye hasi.

P-L ndiyo inayocheza sauti muda wote inapopewa volti na kunyamaza ikiachiwa. P-E ukiigusa mara moja inacheza ujumbe mpaka mwisho, hiyo hatuitumii. Sababu ni kwamba kwa P-L kidole ndicho kinachoshika kila kitu: ukiachia, sauti inakata na redio inaacha kurusha kwa wakati mmoja. Mtu akivamia chaneli na habari ya dharura, unaachia tu.

Huenda ukashawishika kuifanya redio ijirushe yenyewe wakati wa kucheza na kuzima ujumbe ukiisha. Chipu hii haina mguu unaosema "nacheza sasa". Ule wa taa huwaka wakati wa kurekodi, na wakati wa kucheza hutoa mshtuko mfupi tu mwisho wa ujumbe, kwa hiyo anayeutegemea kuendesha PTT hapati kitu. VOX ya redio (kujirusha yenyewe ikisikia sauti) nayo hula neno la kwanza na kuwaka kila mlango unapogongwa. Kidole kinatosha.

Kwenye moduli kuna swichi ndogo au vijumpa viwili, kimoja cha kurudiarudia na kingine kimeandikwa FT. Vyote viwe vimezimwa. Cha kurudiarudia kikiwa kimewashwa ujumbe haumaliziki, na FT hupitisha maiki ya moduli moja kwa moja hadi kwenye spika, kwa hiyo kila kelele ya ofisini itakwenda hewani.

Hatua ya 4: Umeme

Betri tatu za AA hutoa volti 4.5, na hicho ndicho chanzo tunachokipendelea. Usichukue umeme kwenye betri ya redio: ile ya volti 7.4 hufika 8.4 ikijaa, na chipu inakufa. Betri moja ya lithiamu ya volti 3.7 inafaa pia, maana ikijaa ni 4.2.

Kwenye gari la safari, kishawishi ni kuchukua umeme wa dashibodi kupitia chipu ya 78L05, inayoshusha volti hadi 5. Inawezekana, lakini mlio wa alternator utaingia na kupanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. AA zimejitenga na gari, kwa hiyo mlio huo hauna njia ya kupita. Moduli hula kama mA 25 hadi 30 ikiwa inacheza, na karibu hakuna kitu ikinyamaza, hivyo betri hukaa muda mrefu.

Hatua ya 5: Kurekodi

Bonyeza na ushikilie REC, taa ikiwaka, ongea, ukimaliza, achia. Ukigusa REC kwa bahati mbaya, ujumbe wa zamani unafutika hapohapo hata kama umegusa kwa nusu sekunde. Ndiyo maana kwenye kisanduku usitoboe tundu la REC. Kitufe hicho kibaki ndani, na anayetaka kubadili ujumbe afungue kifuniko.

Rekodi redio ikiwa imezimwa, mdomo ukiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki ya moduli, kando kidogo ili pumzi isipige moja kwa moja. Sauti iwe ya kawaida. Chipu hujirekebisha yenyewe kati ya sauti ndogo na kubwa, kwa hiyo ukipiga kelele unapata mkwaruzo tu, na ukinong'ona inakuza feni, mvua kwenye bati na honi za bodaboda nje.

Jambo kubwa ni mwanzo wa ujumbe. Redio inachukua muda kidogo kuanza kurusha, na redio zinazopokea, hasa zenye toni ya CTCSS (mlio wa chini unaoruhusu vituo vyenu tu), nazo huchukua muda kufungua spika. Ukianza kuongea papo hapo, "Vituo vyote" itasikika "tuo vyote". Shika REC, hesabu sekunde moja kimoyomoyo, ndipo uongee. Kama mnapita kwenye ripita (kituo kinachorusha upya mawimbi yenu), fanya moja na nusu.

Moduli nyingi huja na rezista ya 100k inayoweka muda wa sekunde 10. Ukitoa sekunde ya kimya unabaki na 9, na ujumbe kama huu unaingia kwa mwendo wa kawaida: "Vituo vyote, vituo vyote, hapa Kontroo. Muda wa kuripoti umefika. Aanze Geti Namba Moja. Ova."

Rezista hiyo inaweza kubadilishwa: 80k hutoa sekunde 8, 120k sekunde 12, 160k sekunde 16 na 200k sekunde 20. Lakini kumbukumbu ni ileile. Unachofanya ni kuitandaza. Kwa sekunde 8 sauti hufika masafa ya kHz 3.4, kwa 10 ni 2.6, kwa 16 ni 1.7, na kwa 20 ni 1.3 tu. Herufi s, sh na f zinaishi juu ya hapo, kwa hiyo kwenye sekunde 20 "sita" na "tisa" huwa vigumu kutofautisha, na namba ndizo hasa zinazotajwa kwenye redio. Ujumbe usipoingia kwenye sekunde 10, fupisha maneno. Mara nyingi yanafupishika.

Hatua ya 6: Kupima na kurekebisha

Zungusha rezista ya kurekebisha mpaka mwisho wa upande wa hasi, ili sauti iwe sifuri. Weka redio kwenye nguvu ya chini, na kwenye menyu weka kikomo cha muda wa kurusha, TOT, kuwa sekunde 30. Kikomo hicho kitaizima redio hata kama kitufe kimekwama.

Mwenzako asimame na redio ya pili mita 30 au zaidi. Akiwa karibu mno, redio yake inalemewa na sauti inaharibika, nawe utazungusha rezista bila sababu. Bonyeza kitufe, acha ujumbe wote uishe, ongeza kidogo, rudia. Kisha ongea mwenyewe kupitia hedseti kwenye chaneli hiyohiyo. Ujumbe na sauti yako vikisikika kwa ukubwa sawa, acha hapo. Usiongeze ili "isikike mbali". Sauti kubwa haiongezi umbali. Kwenye chaneli nyembamba ya kHz 12.5, mawimbi hayatakiwi kuyumba zaidi ya kHz 2.5, na ukizidisha redio inakata vilele vya sauti, unaenda mkwaruzo, na chaneli ya jirani inakusikia. Ukifika mahali pazuri, weka tone la rangi ya kucha kwenye skrubu isisogee.

Ikigoma

Redio inarusha lakini kimya. Mara nyingi ni ule waya wa vanishi ambao lehemu yake imekaa juu tu bila kushika. Unganisha spika ya moduli: ikisikika, tatizo liko kati ya SP+ na plagi.

Ujumbe unasikika na "brrrr" juu yake. Hayo ni mawimbi ya redio yako mwenyewe yanaingia kwenye moduli. Lehemu 100 pF moja kati ya waya wa maiki na hasi, karibu na pale nyaya za hedseti zinapoingia kwenye kisanduku, na nyingine kati ya P-L na hasi. Kisanduku cha chuma kiunganishwe na hasi. Pitisha waya mara mbili tatu ndani ya lile donge jeusi linalokuwa kwenye nyaya za chaja za laptop za zamani, na usogeze antena mbali na moduli. Ikiwa inasikika safi kwenye nguvu ya chini na mbaya kwenye nguvu ya juu, hakuna haja ya kuhangaika na betri, ni mawimbi.

Ujumbe unajirudia kama mwangwi. Spika ya moduli imebaki imeunganishwa, na maiki ya hedseti inaisikia. Ing'oe spika hiyo, au iwekee rezista ya ohm 100 mfululizo ili isikike kwa mbali tu. Sisi huiacha hivyo, kwa kuwa mwendeshaji anahitaji kusikia ujumbe umeisha ili aachie kitufe.

Sauti imekuwa nzito, kisha moduli inakata katikati. Pima betri ujumbe ukiwa unacheza, si ukiwa kimya. Ikishuka chini ya volti 3, badilisha. Kwenye kambi za Kilimanjaro hili huja mapema: Barafu iko juu ya mita 4,600 na usiku huganda, na AA za alkali hulegea kwenye baridi hata zikiwa mpya. Tumia AA za lithiamu za volti 1.5, au lala na kikasha cha betri ndani ya begi la kulalia na ukirudishe kwenye kisanduku asubuhi kabla ya mawasiliano ya kwanza.